Kumshusha Refa

Mwanamke aliyeingia ofisini kwetu Jumanne ile hakubisha hodi. Shingoni alining'iniza futi ya kupimia nguo, kwenye ukosi wa blauzi alichomeka sindano zenye nyuzi za rangi mbalimbali, na mkononi alishika karatasi iliyoraruka pembe zote, kama kitu kilichong'olewa pale kilipopigiliwa misumari.

"Nani kati yenu kaandika hii?" aliuliza.

Tulikuwa wawili tu, mimi na mkurugenzi wetu, tumepiga magoti sakafuni tukibandika picha za nyumba kwenye mbao za maonyesho. Mkurugenzi wetu mji mzima unamwita Mama Ramani, kwa sababu haendi popote bila bomba la plastiki lenye ramani za mitaa ya zamani. Alinitazama, nami nikainuka na gundi vidoleni.

"Mimi, dada."

"Wewe?" Alinipandisha na kunishusha kwa macho. "Mimi nilijiandaa kugombana na mzee mwenye kitambi. Sasa mtoto nitagombana naye vipi?"

"Karibu kiti."

"Sikuja kukaa. Nimekuja kukuchukua. Twende ukamsomee baba karatasi yako kwa mdomo wako. Mimi nilimsomea akacheka mpaka kikohozi kikamshika, na hadi sasa sijui kama ameelewa au anajikaza kwa ajili yangu."

Karatasi ile ilikuwa zuio. Chama chetu, chenye vyumba viwili juu ya duka la viatu, kilikuwa kinalibembeleza baraza la mji lipitishe sheria ndogo ya kulinda nyumba za zamani za mtaa wa chini. Mama Ramani alikuwa ameanza kazi hiyo mimi nikiwa bado shuleni. Kila masika nyumba moja iliporomoka, na kila kiangazi nyingine iliuzwa na kubomolewa, pakapanda jengo la vioo. Kule juu, bunge la jimbo nalo lilikuwa na mswada mkubwa zaidi, wa miji yote, lakini ulipigwa danadana hadi wajumbe wakatuambia waziwazi: leteni mji mmoja uliothubutu, nasi tutafuata. Mji huo ulikuwa uwe wetu. Na wakati tunasubiri kura, baraza lilikubali kuweka zuio la muda kwenye nyumba tulizozitaja, ili wenye matingatinga wasituwahi.

Maneno ya zuio niliachiwa mimi. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza ya maana tangu nimalize chuo. *Hairuhusiwi kubomoa, kuondoa, kubadili wala kusogeza sehemu yoyote ya jengo hili.* Neno "kusogeza" nililiongeza mwenyewe, nikalionea fahari wiki nzima.

"Nyumba gani, dada?" niliuliza, ingawa nilikwisha kuhisi.

"Ile iliyo kwenye picha unayoibandika."

Nilitazama chini. Ilikuwa nyumba ya roshani, ya kwanza kwenye maombi yetu yote. Roshani yake imezibwa mbele kwa ukuta wa mbao uliotobolewa maua na nyota, kazi ya mikono ambayo haina mwenzake mji mzima. Sisi kwenye maandishi yetu tuliuita kimia. Mtaani wanauita pazia.

Mama Ramani alinifungulia mlango. "Nenda, mwanangu. Sikiliza, usiahidi kitu."

*

Nyumba ile nilikuwa nimeipima, nimeipiga picha, nimeichora. Nilijua unene wa kuta zake. Lakini siku zote nilizokwenda niliishia chini na barazani, na roshani niliipima kwa ngazi kutokea nje, kwa sababu niliambiwa juu kuna mgonjwa. Nilijiona mwenye adabu kwa kutomsumbua.

Sasa nilimfuata yule dada, fundi cherehani, ndani, nikapanda. Ngazi za mawe zilikuwa nyembamba, zikajipinda katikati kama kiwiko, na pale kwenye kona nililazimika kugeuza mabega ili nipite. Ukutani kulikuwa na mkwaruzo mrefu.

"Hapo ndipo machela ilipokwama," alisema bila kugeuka. "Mara ya kwanza. Mara ya pili watu wa hospitali walijaribu kumbeba mgongoni, nyonga ikamuuma hadi akazimia. Wakasema hawarudi."

Baba yake alikuwa kitandani kwenye chumba cha nyuma, chumba chenye dirisha dogo linalotazama ukuta wa jirani. Alikuwa mrefu kupita kitanda. Nyonga ilivunjika alipoteleza, haikuunga vizuri, kisha moyo nao ukaanza kuchoka. Zamani alisoma mita za maji nyumba kwa nyumba, na mwisho wa wiki alichezesha mpira, kwa hiyo mtaa ulimpa jina la Refa na hakuna aliyekumbuka jingine.

"Huyu ndiye mwenye sheria?" aliuliza. Sauti ilikuwa nyembamba lakini jicho lilikuwa kali. "Haya, soma."

Nikasoma. Nilipofika "kusogeza sehemu yoyote ya jengo" nilisikia sauti yangu inashuka.

"Mimi nimekaa humu tangu nazaliwa," alisema Refa. "Nami ni sehemu ya jengo, ama sivyo? Basi wamenipiga marufuku kusogea. Hata kadi ya njano sikuonyeshwa kwanza."

"Baba," alisema binti yake.

"Niache nicheke, mama. Mbavu bado zangu."

Fundi cherehani akanieleza mambo yote akikunja mashuka, bila kunitazama. Yeye anaishi ng'ambo ya mji, nyumba ya chini, yenye bomba ndani na mlango mpana. Amehangaika kupandisha maji na kushusha ndoo mpaka mgongo umegoma. Nesi alisema mzee ahamishwe sasa, angali anaweza kukaa kitini, kwa maana siku hizo hazitakuwa nyingi. Ngazi haziwezekani. Njia iliyobaki ni roshani: lifunguliwe pazia la mbao, ifungwe kapi, kile kigurudumu cha kupitishia kamba, kwenye boriti, mzee ateremshwe mtaani kwenye kiti. Alikuwa ameshashona mikanda ya turubai ya kumfungia. Seremala alikuwa tayari, hadi alipoliona zuio mlangoni akakunja vifaa vyake na kusema ana watoto, hataki jela.

"Pazia halina msumari," Refa aliniambia. "Limeshikwa kwa kabari tu. Linatoka, linarudi. Marehemu mke wangu alikuwa akilifungua kila mwaka tulisafishe."

Nilikuwa nimeandika kurasa nzima juu ya pazia lile na haikunipitia kichwani kwamba kuna mtu aliyewahi kulisafisha.

"Nitaongea nao," nilisema. "Baraza linapiga kura Alhamisi. Asubuhi madiwani wanakuja kuiona nyumba, mchana wanapiga kura. Ijumaa asubuhi utashuka, babu. Nitakuja mwenyewe."

Maneno yalishatoka. Fundi cherehani aliacha kukunja.

"Utakuja kufanya nini?" aliuliza Refa. "Kamba huiwezi, mikono yako kama vijiti."

"Chochote mtakachonipa."

Alifikiri kidogo. "Basi nitakupa kazi. Mimi mwaka huu mzima nimetazama ukuta wa jirani. Nikifika chini wataniingiza garini nimelala kama gunia, na huko niendako sitarudi, hilo tusidanganyane. Nikiwa katikati, hapo juu ya vichwa vyao, nisimamisheni kidogo. Nataka niuage mtaa nikiwa nimekaa. Wanione nimekaa."

"Nitakusimamisha."

"Hata wenye kamba wakilalamika?"

"Hata wakilalamika."

*

Mama Ramani hakunigombeza. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitenge, akaivaa tena.

"Nilikwambia usiahidi."

"Ni Ijumaa, mama. Kura itakuwa imepita."

"Hata kura ikipita, zuio linabaki mpaka sheria itangazwe. Kufungua pazia kunahitaji kibali."

Kwa hiyo Jumatano nilikwenda ofisi za baraza la mji kuomba kibali. Karani aliniambia kwa upole kwamba kamati ya vibali imeshakaa mwezi huu, nirudi mwezi ujao. Nilimweleza habari ya mgonjwa. Akasema sheria aliyopewa haina mgonjwa ndani yake. Nilitamani kumkasirikia, ila niliyeiacha bila mgonjwa ndani yake nilikuwa mimi.

Kwenye korido nilikutana na diwani aliyetupinga tangu mwanzo. Watu walimwita Mheshimiwa Koti, kwani hata jua la kuchoma maini halikumvua koti lake la kijivu.

"Binti wa majumba," alisema. "Mbona uso umekunjamana?"

"Hamna kitu, mheshimiwa."

"Mnapenda mawe nyinyi. Mimi nilizaliwa kwenye nyumba kama hizo. Choo nje, ngazi za kuua wazee. Nyinyi mnakuja na kamera, mnaona maua. Siku mtakayoniambia mtu anayeishi humo ameulizwa, nitawapigia kura kwa mikono miwili."

Ningeweza kumwambia habari za Refa palepale. Angemshusha siku hiyohiyo, mbele ya waandishi wa habari, na nyumba zote za mtaa wa chini zingekwenda na pazia lile. Nilisema asante, nikaondoka, na njiani nilijiuliza kwa nini aliye upande mwingine ndiye aliyenena kweli.

Nilipofika ofisini Mama Ramani alikuwa ameshika simu bila kuongea, ameshaikata.

"Meya kasafiri," alisema. "Ziara na kura zimesogezwa. Ijumaa."

Nilimkumbusha ahadi yangu kwa Refa.

"Mwambie yule dada Jumamosi," alisema. "Siku moja tu, mwanangu. Nimeisubiri kura hii hadi nywele zimebadilika rangi. Koti anatafuta kitu kimoja, aweze kusema wenye nyumba wenyewe wanazivunja na chama chetu kinawasaidia. Akiipata picha ya roshani ile imetoboka, madiwani wanaoyumba wataanguka upande wake. Baada ya hapo nani atatusikiliza huko jimboni?"

"Je, tukiongeza kipengele? Kwamba mwenye nyumba anaweza kufungua na kurudisha, kwa ajili ya mgonjwa, au msiba."

"Kizuri. Tutakiweka kwenye marekebisho. Rasimu ikishasomwa haiguswi, unajua."

Nilijua. Nikaenda kwa fundi cherehani, nyumbani kwake, kumwomba Jumamosi. Alikuwa akikata nyuzi zilizobaki kwenye mikanda ya turubai. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Baba jana hakula," alisema. "Leo kala kwa sababu nimemwambia kesho kutwa anashuka. Kanyolewa ndevu. Wanaume wa mtaani wameomba ruhusa kazini Ijumaa, pikapu ni ya Ijumaa. Mdogo wangu, mimi nikienda kumwambia Jumamosi, atanijibu sawa mama, kisha atageukia ukuta. Namjua."

Nilirudi kwa Mama Ramani nikampa hayo maneno kama yalivyo. Alilifungua bomba lake, akatoa ramani, akairudisha bila kuikunjua.

"Ziara ni saa nne," alisema mwishowe. "Lifungueni pazia mapema, jua likichomoza. Mteremsheni. Saa tatu pazia liwe limesimama mahali pake. Mimi nitakuwa na madiwani, nitawapitisha nyumba nyingine kwanza. Wakikaribia nakupigia. Na wewe, ukiulizwa, mimi sikujua."

"Sawa, mama."

"Hapana," alisema. "Ukiulizwa, sema nilijua. Umri wangu si wa kusema uongo tena."

*

Seremala alikubali kurudi nilipomwandikia kwamba niliyeamuru ni mimi. Ijumaa alizigonga kabari moja baada ya nyingine kwa nyundo ya mti, kwa utaratibu kama anayemwamsha mtoto, na kila kipande alikipa alama ya chaki nyuma. Pazia likatoka. Mwanga uliingia chumba cha mbele kwa nguvu mpaka tukaziba macho. Nilikuwa nimezoea kuliona pazia kutoka nje. Kwa ndani lilikuwa jeusi, laini, limesuguliwa na migongo ya watu waliolala humo mchana.

Kazi haikwenda kama tulivyopanga. Kapi ilikataa kuzunguka, ikatafutwa nyingine. Boriti ilipigwapigwa na kusikilizwa. Kumtoa Refa chumba cha nyuma kulichukua muda, kwa kuwa kila hatua ilimuuma naye hakutaka kulia mbele ya vijana. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi. Binti yake alimfunga mikanda kifuani na mapajani, akivuta kila mshono kuujaribu.

"Umenibana kama mzigo wa posta," alisema Refa.

"Nyamaza, baba."

"Stempu je?"

Wanaume walioshika kamba walikuwa chini, mtaani. Kwa vile walitazama juu dhidi ya jua na hawakuona vizuri, mimi nilipewa kazi ya sauti. Nilisimama upande wa pili wa barabara, mahali ninapoona kiti na kamba zote. Nikisema teremsha, wanateremsha. Nikisema simama, wanasimama. Seremala alibaki juu na mwenzake, pazia mikononi, tayari kulirudisha mara kamba itakapofunguliwa kwenye boriti.

Saa tatu ilikuwa imeshapita kiti kilipovuka ukingo wa roshani.

"Teremsha," nilisema. "Polepole. Teremsha."

Simu yangu ililia. Ilikuwa Mama Ramani, akinong'ona kama mtu aliye msikitini au kanisani.

"Koti kawageuza. Kasema waanze na roshani. Tuko kwenye kona ya benki, tunatembea. Mteremsheni haraka, mwanangu. Haraka. Mkifanya haraka mtawahi."

Nilitazama kona. Walikuwa bado hawajaonekana. Nilitazama juu: seremala alikuwa na kabari mdomoni, mikono imeshajiandaa. Nilitazama wanaume wa kamba, wenye nguvu na pumzi. Alisema kweli, tungewahi. Mzee angefika chini, pazia lingekaa, na madiwani wangekuta nyumba ya roshani inawatazama kwa maua na nyota zake zote.

Wakati huo kiti kilifika katikati. Refa aliachia kiti kwa mkono mmoja, akauinua mkono huo, kiganja wazi.

Hakuniangalia. Aliuinua tu mkono kwa utulivu, kama aliyezoea kuinua mkono na watu ishirini na ushee wakaacha kukimbia. Ningeweza kusema jua liliniingia machoni. Ningeweza kumwambia madiwani wanakuja, na najua angejibu haya, twende. Kwa sababu hiyo sikumwambia.

"Simama," nilisema.

Kamba zikakaza. Kiti kikayumba kidogo, kikatulia. Kutoka upande mwingine wa barabara fundi cherehani, aliyekwisha kushuka kumpokea baba yake, aliniangalia. Alikuwa ameisikia simu ikilia na aliuona uso wangu.

"Una hakika?" aliuliza kwa midomo tu, bila sauti.

Niliitikia kwa kichwa.

Refa alikaa wima juu ya mtaa. Shati lake jeupe lilipepea. Alitazama upande wa juu wa barabara, polepole, mlango kwa mlango, kama anayesoma mita. Kinyozi alitoka na mkasi mkononi. Muuza magazeti aliinuka kwenye kreti lake. Mama mmoja aliyekuwa akifagia alisimamisha fagio, akasema, "Refa," si kwa kumwita, kwa kutaja tu. Wengine wakatoka. Hakuna aliyepiga makofi wala vigelegele. Wanaume walivua kofia. Refa aliwaitikia mmoja mmoja kwa kichwa, na wachache aliwatajia majina.

Madiwani walikunja kona. Mheshimiwa Koti alitangulia. Aliona roshani iliyotoboka, seremala na pazia mikononi, mzee angani. Alisimama, akatoa simu mfukoni, akaielekeza juu. Nyuma yake Mama Ramani alilikumbatia bomba lake la ramani kifuani. Alinitazama kwa muda. Kisha alilitua bomba chini naye akavua kitambaa kichwani, kama wale waliovua kofia.

"Dada," alisema mmoja wa wenye kamba, mishipa ya shingo imemtoka. "Mikono, dada."

"Bado."

"Wakubwa wanatazama."

"Nawaona. Bado kidogo, kaka zangu."

Refa aligeuza uso upande wa chini wa barabara, upande ambao alikuwa hajautazama. Koti alipiga picha moja, akasogea, akapiga nyingine. Karani wa baraza aliandika kitu. Mimi nilisubiri. Mzee alifika mlango wa mwisho, akauangalia kwa muda mrefu kuliko mingine, akavuta pumzi, kisha akaushusha mkono wake na kuurudisha juu ya goti.

"Teremsha," nilisema.